Usibakize Tone

Tabitha Nyamuhanga aliamka na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa na jina: Vincent, katibu wa kamati ya nidhamu ya riadha. Alimpigia simu kabla Tabitha hajapiga hata mswaki.

"Dada Tabitha, shauri la yule mama ni kesho saa nne, hapa Mugumu. Ripoti yako naitaka leo jioni. Na tusizunguke mbuyu. Alikula dawa. Maabara imesema."

"Maabara imesema dawa ilikuwa kwenye mkojo wake. Haijasema iliingiaje."

"Iliingia kwa mdomo," alijibu Vincent, akacheka peke yake. "Watu wa vijijini wanajua sana kujifanya hawajui."

Tabitha alikata simu bila kuaga. Mtu mzima hovyo, alisema moyoni, akachukua jalada lake na kutoka.

Jalada lilikuwa jembamba la kutia aibu. Wiki sita zilizopita, mkulima mmoja wa Nyamwaga aitwaye Wegesa, umri miaka ishirini na tisa, alishinda nusu marathoni ya Mugumu akiwa na viatu vya kuazima. Ndiyo mara ya kwanza washindi wa mbio hizo kupimwa. Mkojo wake ukakutwa na dawa ya presha, ile inayolazimisha mwili kutoa maji. Dawa hiyo haimwongezei mtu mbio hata hatua moja, lakini imepigwa marufuku kwa sababu huweza kuwasaidia wezi kusafisha mwilini alama za dawa nyingine. Adhabu yake ni miaka minne. Si kutokimbia tu. Asikanyage hata mazoezi ya klabu, na wasichana kumi na wawili anaowafundisha kila jioni kwenye kiwanja cha shule wabaki bila mtu. Akionyesha dawa ilivyoingia mwilini na kwamba hakujua, atapewa barua ya onyo. Asipoonyesha, basi tena. Naye kwa siku nne alikuwa amejibu maswali yote ya Tabitha kwa neno moja: sijui.

Duka la dawa la Zaitun lilikuwa ndilo la mwisho kwenye orodha, karibu na stendi ya Tarime. Zaitun alikuwa akifagia kibaraza. Alipoona jalada, aliegemeza ufagio ukutani na kujishika kiuno.

"Dawa ya presha siuzi bila cheti cha daktari," alisema kabla ya salamu.

"Kila duka linasema hivyo."

"Na kila mpelelezi anakuja na midomo hiyo hiyo. Kaa, basi. Uliza."

"Wegesa wa Nyamwaga. Ulimuuzia nini kabla ya mbio?"

"Sikumuuzia kitu. Alikuja Jumatano, mafua yamembana, macho mekundu. Nikampa vile vidonge vya mafua vinavyokausha pua. Akaniuliza, dada, hivi vinaruhusiwa kwa mkimbiaji? Nikamwambia mimi sijui. Akavirudisha. Akaenda akanunua malimau pale ng'ambo ya barabara."

"Alivirudisha?"

"Kwa mkono wake. Halafu akatoa kijitabu kwenye mfuko, akaniomba nimsomee. Kurasa arobaini, Kiingereza kitupu. Dada yangu, Kiingereza changu mimi ni cha kwenye maboksi ya dawa. Nikamrudishia."

Tabitha alikijua kijitabu hicho. Kamati ilikigawa Mugumu siku ya usajili, wiki moja kabla ya mbio, na ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha ya Vincent akitabasamu. Semina haikufanyika. Mtu wa kueleza kwa Kiswahili hakutafutwa, seuze Kikurya. Walitupa makaratasi kama mtu anayetupia kuku mahindi, kisha wakaja na chupa za kukusanyia mkojo. Damu ilimchemka hadi masikioni.

Lakini alikuwa amepata kitu. Mwanamke anayekataa kidonge cha mafua kwa kuogopa sheria hawezi kumeza kidonge cha presha kwa makusudi siku tatu baadaye.

"Mimi nakukumbuka," alisema Zaitun, akimtazama vizuri sasa. "Ulikuwa dirisha la dawa, kule hospitali. Ulikuwa unatupigia kelele kama watoto wa shule. Meza zote! Usibakize! Marehemu mama yangu alikuwa anakuogopa wewe kuliko ugonjwa."

"Miaka kumi na tisa," Tabitha alijibu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu. "Na waliomeza wote walipona."

Kwenda Nyamwaga alipanda pikipiki ya Nashoni, kocha wa klabu, ambaye mchana hubeba abiria ili jioni aweze kuwa kocha. Tabitha alishamhoji juzi kwa saa mbili nzima. Alishamchukulia chupa yake ya vitamini akaipima, na ilikuwa vitamini tu. Tena wakimbiaji wote saba waliinywa, na Ummy aliyeshika nafasi ya tatu alipimwa siku hiyo hiyo akakutwa safi. Nashoni alikuwa bado ana kinyongo. Waliposimama kupisha kundi la ng'ombe, Tabitha alimgeukia.

"Nashoni, sahau sindano, sahau vitamini. Asubuhi ile ya mbio, Wegesa alikuwa tofauti na wenzake kwa kitu gani?"

"Hakuna."

"Fikiri."

Nashoni alifikiri, ng'ombe wakapita. "Labda kukojoa."

"Kukojoa?"

"Alitusumbua njiani. Tulisimama mara nne kabla ya kufika Mugumu. Wasichana wakamcheka, wakasema hofu imemshika."

"Mara nne! Na juzi mbona hukusema?"

"Hukuniuliza kukojoa, mama. Uliniuliza sindano."

Tabitha alitamani kumzaba kofi, kisha akatamani kujizaba mwenyewe. Alifungua jalada juu ya tanki la mafuta la pikipiki. Fomu ya kuchukulia sampuli ilikuwa mbele yake siku zote nne. Ummy alikunywa chupa tatu za maji, akakaa zaidi ya saa nzima ndipo akapata mkojo wa kutosha, kama ilivyo kwa yeyote aliyekimbia juani. Wegesa alitumia dakika kumi na mbili. Mwili ulikuwa bado unafukuza maji. Dawa hiyo huanza kazi ndani ya saa mbili.

"Gari lilimchukulia wapi?"

"Nyumbani kwake. Saa kumi na moja alfajiri."

"Alikula chochote garini?"

"Ndizi. Tulikula wote, mkungu mmoja."

"Basi aliimeza nyumbani," alisema Tabitha. "Kati ya kitanda na mlango wa gari. Washa pikipiki."

Boma la Bibi Mokami lilikuwa juu ya kilima, nyuma ya migomba. Bibi huyo hakujaliwa mtoto wa kiume, na mumewe alipofariki alitoa ng'ombe akamwoa Wegesa, kama mila ya Wakurya inavyomruhusu mwanamke wa namna hiyo, ili jina la nyumba lisipotee. Nyumba ntobhu, ndivyo wanavyoiita. Wegesa alikuwa na watoto wawili hapo, shamba, na mama aliyempenda kuliko wa kumzaa. Vincent alipoisoma habari hiyo kwenye jalada alicheka pia.

"Shikamoo, Mama," alisema Tabitha.

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu kiti. Umekonda." Bibi Mokami alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, miguu imevimba vifundoni. Alimwita Wegesa alete maji, akaonja ya kwake kidogo, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. "Koo hili," alilalamika. "Hata maji linayakataa." Kisha akainuka taratibu, akachukua fimbo yake, akaelekea chooni nyuma ya zizi.

Tabitha alimgeukia Wegesa.

"Siku ya mbio uliamka saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Ukala nini?"

"Sikula."

"Ukanywa nini?"

Wegesa alitazama mikono yake. "Uji kidogo."

"Juzi hukuutaja."

"Uji ni uji tu, mama. Nani hanywi uji?"

"Humu ndani nani ana presha?"

"Hakuna."

Jibu lilitoka haraka mno. Bibi alirudi, akaketi, akauliza habari za Tarime na bei ya mahindi. Hazikupita dakika ishirini, akainuka tena na fimbo yake. Tabitha alimsindikiza kwa macho mpaka alipopotea nyuma ya zizi. Ndipo alipoinama na kuchungulia ndani, jikoni. Kwenye kirago kando ya mafiga palikuwa na jiwe dogo la mviringo, linalotosha kiganjani, na kibao chake. Alilichukua. Upande wa chini ulikuwa umeganda unga mweupe. Alionja kwa ncha ya ulimi, na uchungu wake ulimkunja uso. Mahindi hayana uchungu huo, wala ulezi.

Alitoka nalo nje akamwekea Wegesa mapajani.

"Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, na yako imeishia chooni! Siku nne! Nimezunguka maduka yote ya dawa ya Tarime. Nimemvunjia heshima kocha wako. Nimemwona mwongo mwanamke wa watu asubuhi hii kwenye kibaraza chake. Na wewe umekaa hapa unajua! Unataka miaka minne? Wale wasichana utawaambia nini?"

"Usipaze sauti," Wegesa alinong'ona. Machozi yalikuwa yameanza, lakini na yeye alikuwa na hasira, tena kubwa kuliko ya Tabitha. "Wewe ni mtu wa huku. Hujui watu wa huku? Nikisimama mbele ya kamati nikasema bibi aliyenioa alikuwa na kitu kwenye kikombe, nikanywa, nikaharibika, wakirudi hapa kijijini watasema nini? Watasema amenitilia kitu. Watasema ni mchawi. Umesahau yule mzee aliyechomewa nyumba kwa maneno hayo hayo, naye amelala ndani? Miaka minne itapita, mama. Mbio ni mbio tu. Huyu nitamtoa wapi mwingine?"

Tabitha alikuwa amekuja amejiandaa kwa uongo wa woga na kwa uongo wa tamaa. Huu wa kukubali kufungiwa ili mwingine asiguswe hakuwa amejiandaa nao, na ulizidi kumkasirisha, maana hakujua amkasirikie nani.

"Nani kasema mimi sina presha?"

Bibi Mokami alikuwa amesimama kwenye kona ya zizi. Choo hakikuwa mbali kiasi hicho, na masikio yake yalikuwa mazima kuliko koo lake. Alipita katikati yao, akaingia ndani, akatoka na mfuko wa plastiki wenye kadi ya kliniki na vidonge vyake. Tabitha alisoma jina la dawa. Lilikuwa lile lile la kwenye karatasi ya maabara, herufi kwa herufi.

"Mama, naomba unionyeshe unavyokunywa," alisema. "Kama siku ile ya mbio. Usiruke kitu."

Bibi alionyesha, na Tabitha akawa anaandika. Kidonge kiliwekwa kwenye kibao, kikasagwa kwa jiwe mpaka kikawa unga. Unga ukatiwa kwenye kata ya kibuyu. Wegesa akamimina uji wa ulezi, mwepesi kama maji, kwa kuwa mzito ungemkaba. Bibi akakoroga.

"Sasa nasali," alisema Bibi. "Siku ya safari nasali kwanza."

"Sali, Mama."

Sala ya Bibi Mokami haikuwa ya haraka. Aliwaombea watoto, ng'ombe, mvua, dereva, na barabara ya Mugumu kona kwa kona. Nashoni, aliyeegemea pikipiki yake, alipiga miayo mara mbili. Tabitha aliitazama saa: dakika kumi na moja. Kata wakati wote huo ilikuwa imetulia chini.

"Kisha nakunywa mimi nusu, kwa sababu baraka huanzia kwa mkubwa. Kisha nampa yeye amalize." Bibi aliinua kata kuipeleka mdomoni.

"Ngoja, Mama, usinywe. Mimina nusu yako humu." Tabitha alisogeza bilauri. Nusu ya juu ilitoka taratibu, ya rangi ya udongo, laini. Kisha akaiinamisha kata kuelekea juani ili wote waone. Chini ya uji uliobaki, ukingoni, ulionekana mstari mweupe uliotuama kama unga wa mhogo kwenye beseni. Kidonge karibu chote kilikuwa pale. Bibi alikuwa amekunywa uji; dawa aliiacha kwenye baraka.

Nashoni alivua kofia yake.

"Kwa hiyo ni mimi niliyemharibia," alisema Bibi Mokami. "Mimi nilikunywa kwanza, nikajua langu nimeshameza. Nilijua kilichobaki ni uji." Alikaa chini kwenye kigoda kama aliyesukumwa. "Na hata kama ingekuwa dawa. Mimi inaniponya. Yeye ingemdhuru nini?"

Tabitha alikuwa na jibu tayari kinywani. Alitaka kumtaja Vincent na kijitabu chake cha kurasa arobaini. Alitaka kusema kwamba kama mtu mmoja tu angefika kwenye vijiji hivi akakaa na watu, akawaambia kwa lugha yao kwamba hata dawa ya mzee ndani ya nyumba ni hatari kwa mkimbiaji, yote haya yasingekuwapo. Hayo yote yalikuwa kweli na alikusudia kuyaandika. Lakini palikuwa na swali moja halijaulizwa, na kazi yake ilikuwa kuuliza.

"Mama, nani alikufundisha kusaga kidonge?"

Bibi Mokami alimtazama kwa mshangao. "Hujijui?"

"Sijakuelewa, Mama."

"Si wewe? Dirisha la dawa. Nilikuambia koo langu halimezi. Ukasema, saga laini, tia kwenye uji, koroga, unywe wote, usibakize tone. Ukarudia kwa sauti kubwa, na watu wote kwenye foleni wakasikia. Nami sijawahi kubakiza, mwanangu. Siku za safari ya mtoto tu ndipo namwachia. Naye nikamwambia maneno yako hayo hayo. Usibakize tone."

Kalamu ilisimama. Miaka kumi na tisa, foleni ndefu, kelele, jasho. Alikuwa amewaambia wangapi? Na yeye hakuwahi kumuuliza hata mmoja: Mama, unakula na nani? Kata hiyo inaishia kwa nani? Aliwajua watu hawa. Alizaliwa kwenye boma la namna hii, alinyweshwa masalia ya baraka na bibi yake mwenyewe. Akakaa dirishani akasahau. Hasira aliyoibeba tangu asubuhi, ambayo aliwagawia Vincent, Zaitun, Nashoni na binti huyu, ilimrudia yote kwa mkupuo.

"Hujamharibia wewe, Mama," alisema. "Ulifanya ulivyoambiwa."

Kisha akamgeukia Wegesa. "Unaogopa watasema amekutilia kitu. Watakosa la kusema akisimama mtu wa hospitali akasema, mimi ndiye niliyemwagiza. Mbele ya kamati, kwa jina langu, tena nitalirudia hapa kijijini kwenye mkutano wa hadhara kama unataka."

Wegesa alimtazama Bibi. Bibi alikuwa tayari anajifunga kitambaa kichwani.

"Nitakwenda," alisema Bibi. "Wanione. Nitasema kwa kinywa changu, wasije wakaniongezea ya kwao."

Tabitha alipiga simu hapo hapo uani.

"Vincent. Chanzo kimepatikana. Andika mashahidi wawili wa kesho. Wa kwanza, Mokami, mwenye boma, Nyamwaga. Wa pili, Tabitha Nyamuhanga, aliyekuwa mgawa dawa."

"Huwezi kuwa mpelelezi na shahidi. Unalijua hilo. Nitakutoa kwenye kazi, na sitakurudisha."

"Nitoe."

"Tabitha, kwa ajili ya mkulima mmoja?"

"Nitoe, nimesema! Lakini kesho saa nne uniite. Na uje na kile kijitabu chako. Nitakuomba umsomee Bibi Mokami ukurasa mmoja, wowote, mbele ya watu, kisha umuulize ameelewa nini."

Alikata. Bibi Mokami alikuwa ameinama kuikota kata pale chini, nusu ya uji ikiwa bado ndani, akasita.

"Na hii," aliuliza, "nije nayo?"

"Njoo nayo, Mama," alisema Tabitha. "Usiioshe."